Filamu bubu si tamthilia iliyokatwa ulimi

Mhariri,

Makala ya kurasa za burudani wiki iliyopita ilidai kwamba filamu bubu ya vichekesho iliyotokana na mchezo wa jukwaani ni "tamthilia iliyokatwa ulimi". Mwandishi akaongeza ushauri kwa anayetaka kuionyesha leo: aiharakishe kidogo isichoshe, na aweke msimulizi wa kusema yale ambayo waigizaji wameshindwa kuyasema. Tunaomba nafasi tupinge. Ushauri huo ukifuatwa, ukumbi utanyamaza kimya kama msibani, kisha lawama zitaangukia filamu.

Tuanze na mfano ambao mwandishi mwenyewe aliutaja kwa sentensi moja akaupita. Agosti 1851 Eugène Labiche na Marc-Michel walipeleka kwenye jukwaa la Palais-Royal mjini Paris mchezo wa sehemu tano, Un chapeau de paille d'Italie. Bwana harusi aitwaye Fadinard yuko njiani, na farasi wake anakula kofia ya mabua ya Italia iliyotundikwa kichakani. Kofia ni ya mke wa mtu, na mwenyewe yuko kichakani humo humo na mwanajeshi. Hawezi kurudi kwa mumewe bila kofia, hivyo wote wawili wanapiga kambi nyumbani kwa Fadinard mpaka apate nyingine ya aina ile ile. Siku nzima ya harusi yake anasaka kofia, huku msafara wa wageni ukimfuata nyuma bila kujua kinachoendelea. Mchezo umejaa maneno, nyimbo fupi fupi, na baba mkwe anayerudia kila mara kwamba ndoa imevunjika.

Mwaka 1928 mwongozaji wa filamu René Clair aliutolea filamu bubu, chini ya kampuni ya Albatros iliyoanzishwa na Warusi waliohamia Ufaransa. Alikuwa na mchezo wa maneno mikononi na chombo kisichosema. Kama nadharia ya ulimi uliokatwa ingekuwa kweli, filamu hiyo ingepaswa kufurika kadi za maandishi, yaani zile picha za maneno zinazoingizwa katikati ya matukio. Kadi zake ni chache sana, na mtazamaji hahisi upungufu.

Sababu ni kwamba Clair hakufuta maneno akaacha pengo. Aliyahamishia kwenye vitu. Ukisoma mchezo wenyewe utaona mbegu zilikuwepo. Baba mkwe analalamika viatu vinambana. Bibi harusi ana pini iliyomwingia mgongoni kwenye gauni. Mjomba ni kiziwi. Jukwaani mambo haya yanatajwa, watu wanacheka, mazungumzo yanaendelea. Kwenye filamu yamepandishwa cheo. Kiatu kinaamua mtu atembeeje katika kila onyesho analoingia. Mjomba amepewa baragumu la kusikilizia, nalo limezibwa na kipande cha karatasi, kwa hiyo ndiye pekee aliyefurahi siku nzima. Na humo ndani ya zawadi alizoleta mjomba huyo, tangu asubuhi, imo kofia ya mabua ya Italia. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kwamba asiyesikia ndiye mwenye jibu, maana baragumu amekuwa akiliona mbele ya macho yake muda wote.

Tukae kidogo kwenye onyesho la tai, kwa sababu linaonyesha ufundi wenyewe kwa karibu. Wageni wamekaa mbele ya meya anayefungisha ndoa, naye anahutubia. Tai ya mgeni mmoja imeshuka. Mkewe anamwona, anamwashiria kwa kujigusa shingoni. Mume haelewi. Meya, katikati ya hotuba, anaiona ile ishara, anadhani anaambiwa yeye, anajishika tai. Kisha wanaume wengine, mmoja baada ya mwingine, wanaanza kujipapasa shingo. Hapo hakuna neno hata moja lililopotea kwa sababu hakukuwa na neno. Onyesho hilo lingekuwa gumu sana jukwaani. Ishara ya vidole viwili shingoni haifiki safu ya ishirini, na mwigizaji akiikuza ili ifike, inakoma kuwa ishara ya siri kati ya mke na mume. Kamera inasogea karibu inapotaka siri, inarudi nyuma inapotaka ukumbi mzima upapase shingo. Utamu wote uko kwenye mpangilio: mke kwanza, mume, meya, halafu wote. Badilisha mpangilio huo, uonyeshe wote kabla ya meya, na kichekesho kimekufa.

Kuna jambo jingine tunalolipenda humo, ingawa si kila mtazamaji hulikamata mara ya kwanza. Fadinard anafika kumsimulia bwana mmoja mkasa wake wote, bila kujua kwamba huyo ndiye mume mwenyewe. Clair anauonyesha mkasa kama tamthilia ya majonzi yenye mandhari ya kuchorwa kwenye turubai na waigizaji wanaotupa mikono hewani. Filamu iliyozaliwa na jukwaa inalitania jukwaa. Anayesema filamu hii ni mchezo uliopigwa picha atueleze basi ni kwa nini mahali pekee panapofanana na mchezo uliopigwa picha ndipo panapokusudiwa kuchekwa.

Haya, upande wa pili. Charley's Aunt ya Brandon Thomas ilifunguliwa Bury St Edmunds, Uingereza, mwezi Februari 1892, ikaingia London Desemba mwaka huo huo, ikaonyeshwa humo mara 1,466 mfululizo. Filamu yake bubu ya Marekani ilitoka 1925, Sydney Chaplin, kaka wa Charlie, akivaa gauni na kofia ya shangazi wa bandia. Kichekesho cha mwili kilivuka salama: mwanamume ndani ya gauni hahitaji sauti. Lakini mstari maarufu wa mchezo ule, shangazi anapojitambulisha kuwa anatoka Brazil, kule zinakotoka kokwa, ni mali ya sauti. Jukwaani mwigizaji anasema "Brazil", anatulia, anatafuta la kuongeza, ndipo anatamka upuuzi ule. Kicheko kiko kwenye ule mtulio. Ukiuandika kwenye kadi, mtulio umeondoka, maana jicho linaona mstari mzima kwa pamoja. Tena kuna kasoro ambayo haitibiki kwa kalamu: ukumbi hausomi kwa kasi moja. Msomaji mwepesi anacheka, wa wastani anafuata, mzito anacheka picha ikiwa imeshabadilika. Kicheko kinapasuka vipande vipande badala ya kulipuka kwa pamoja, na katika vichekesho kicheko cha jirani ni nusu ya chako.

Kwa hiyo anayegeuza mchezo kuwa filamu bubu hafanyi kazi ya kufupisha. Achukue nakala ya mchezo na penseli za rangi tatu. Rangi ya kwanza ipite kwenye maneno yanayobeba habari ambayo bila hiyo kisa hakieleweki: nani ni mume wa nani, saa ngapi ni mwisho, urithi ni kiasi gani. Ya pili ipite kwenye maneno yanayochekesha kwa sauti: mafumbo, matamshi, kukatana kauli. Ya tatu kwenye maneno yanayosindikiza kitendo kinachoonekana, kama "naondoka" kwa mtu anayeshika mlango. Ya tatu inafutwa yote bila huruma. Ya pili nayo inafutwa, hata kama ndiyo iliyoujaza ukumbi kwa miaka, na nafasi yake inatafutiwa kichekesho kingine cha macho, si tafsiri ya kile kile. Ya kwanza inajaribiwa kugeuzwa kitu: saa, pete, barua, kofia. Inayokataa ndiyo inayoandikiwa kadi. Halafu yatazamwe mambo yote yanayosimuliwa kuwa yametokea nje ya jukwaa. Mchezo wa Labiche unasimulia farasi alivyokula kofia kwa sababu huwezi kumtegemea farasi kila jioni. Kamera inahitaji farasi atafune mara moja tu.

Mfano mzuri kuliko yote wa penseli hizo, kwa maoni yetu, ni Seven Chances ya mchekeshaji na mwongozaji Buster Keaton, nayo ya 1925. Mchezo wa Roi Cooper Megrue ulifunguliwa New York Agosti 1916 chini ya mtayarishaji wa michezo David Belasco. Mtayarishaji Joseph Schenck alinunua haki zake bila kumuuliza Keaton, na Keaton hakuupenda hata kidogo. Mhusika wake, Jimmy Shannon, atarithi dola milioni 7 akiwa ameoa kabla ya saa 1 jioni ya siku anayotimiza miaka 27. Siku hiyo ni leo. Anamposa Mary anayempenda, anakubaliwa, halafu kwa kujieleza vibaya anamfanya aamini kwamba mwanamke yeyote angefaa. Anakataliwa. Ndipo inakuja orodha ya wanawake saba kwenye klabu.

Jukwaani, posa saba ni mazungumzo saba. Keaton alijua mazungumzo saba kwenye kadi ni usingizi, akazigawa kwa umbo. Mmoja anaposwa kwa kikaratasi kinachotumwa juu ghorofani, nacho kinarudi kama theluji ya vipande vilivyochanwa. Mwingine anaposwa akipanda ngazi. Anakataa, na Jimmy anageuka kwa mwendo ule ule kushuka na mwingine anayeteremka, picha haijakatwa. Mhudumu wa kutunza kofia anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Kila posa ina umbo lake. Mwandishi wa makala yenu aliona hapo "waigizaji wanaokimbiakimbia". Tunamwomba atazame tena ile ngazi, safari hii akihesabu mara picha ilipokatwa.

Hata habari kavu ya mchezo, kwamba mtu ametoka mahali A akafika mahali B, ilipewa umbo. Jimmy anaingia garini mbele ya klabu, anashika usukani, na mandhari nyuma yake yanayeyuka na kuwa nyumba ya Mary. Gari halijasogea hata inchi. Ili picha mbili ziungane bila mwigizaji kuonekana akiruka, gari, kamera na mtu vilipaswa kusimama kwa umbali na pembe zile zile katika sehemu mbili tofauti, na Keaton alieleza baadaye kwamba walitumia vifaa vya wapima ardhi. Sekunde chache za filamu, pengine hata mtazamaji asizione kama ufundi.

Nusu ya pili haimo kwenye mchezo kabisa. Tangazo la gazeti limevuta mamia ya wanawake waliovaa shela hadi kanisani, wamegundua wamechezewa, wanamfukuza mjini na milimani. Filamu ilipojaribiwa mbele ya watazamaji, mbio hizo zilikuwa zikiisha hivi hivi, bila kishindo. Lakini Keaton alisikia kicheko mahali ambapo hakukipanga: akiteremka mlima, aligonga jiwe, likagonga mengine mawili, yakabingirika nyuma yake. Watu walicheka kwa sababu ya mawe matatu. Akarudi kazini, akaagiza mawe ya bandia, kwa simulizi yake mwenyewe 1,500, kuanzia yenye ukubwa wa mpira hadi ya kipenyo cha futi 8, akatengeneza mporomoko mzima. Angalia alichofanya: hakuongeza wanawake wala kadi. Alifuata sikio. Mtunzi wa jukwaani ana nafasi hiyo kila jioni. Wa filamu anayo mara moja tu kabla mkanda haujagawanywa, na wengi huipoteza kwa kujaribishia kazi yao kwa marafiki.

Tuseme pia lisilopendeza. Mtumishi anayetumwa na barua katika filamu hiyo ni mwigizaji mzungu aliyejipaka rangi nyeusi usoni, na kejeli yake haina utetezi. Anayeionyesha aseme hivyo kabla taa hazijazimwa. Asikate kipande hicho kimya kimya, kwa sababu barua ile ndiyo inayobeba msamaha wa Mary, na mtazamaji atabaki akijiuliza Jimmy anakimbilia wapi.

Sasa kasi, ambapo makala ilikosea zaidi. Mkanda wa milimita 35 una fremu, yaani picha moja moja, 16 katika kila futi. Kamera ya kuzungushwa kwa mkono ilipitisha fremu 8 kwa mzunguko mmoja, hivyo mizunguko miwili kwa sekunde ni fremu 16. Picha iliyochukuliwa hivyo ikipitishwa kwenye projekta ya fremu 24 inakwenda mara moja na nusu ya mwendo wake, na hapo ndipo inapotoka ile dhana kwamba watu wa zamani walitembea kama kuku. Lakini tiba ya kupunguza kasi kwa kila filamu bubu ni kosa vilevile. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 kasi ilikuwa imepanda, na kumbi nyingi zilikaribia au kupita fremu 24. Seven Chances ina karibu futi 5,100. Kwa fremu 24, yaani futi 90 kwa dakika, ni dakika 57 hivi. Ukiipitisha kwa fremu 18 kwa heshima ya ukale, inakuwa dakika 76 hivi, na dakika 19 ulizoongeza ni za watu kusubiri kuanguka. Kuiharakisha zaidi ya hapo, kama mwandishi alivyoshauri, kunaua upande mwingine: jicho linahitaji muda wa kuona jiwe, kuogopa, kisha kucheka. Ukiondoa hofu, kicheko hakina pa kusimama.

Umbo la picha nalo. Fremu ya filamu bubu ina uwiano wa 1.33 kwa 1, na inatumia upana wote kati ya matundu ya mkanda. Sauti ilipokuja, ukanda wa sauti ulichukua upande wa kushoto. Projekta iliyofungwa dirisha (tundu linalopitisha picha) la filamu za sauti itakata ukingo huo wa kushoto, na kadi zitaonekana zimekaa upande. Hiyo ndiyo dalili rahisi kuliko zote: herufi ya kwanza ya mstari ikikatwa, si kosa la mchapaji. Skrini za leo za 16 kwa 9 zina balaa lao. Ukijaza skrini kwa kukata juu na chini, umepoteza robo ya urefu wa picha, na robo hiyo ndiyo yenye kofia na viatu. Ukiivuta kwa mapana, kila mtu ananenepa kwa theluthi. Acha pembeni kuwe na weusi.

Kadi zikitafsiriwa Kiswahili, msihesabu maneno. "Hatukukuambia" ni neno moja lenye silabi saba. Hesabuni silabi, na kadi ikae muda wa kutosha kuisoma mara mbili kwa sauti bila haraka. Mistari isizidi mitatu. Neno linalochekesha liwe la mwisho kwenye kadi, hata ikibidi sentensi ipinduliwe, na kadi ikatwe kabla ya uso wa anayejibu haujaanza kubadilika. Kadi ikichelewa kwa fremu kumi tu, mshangao unaonekana kabla ya sababu yake.

Msimulizi je? Japani walikuwa nao, waliitwa benshi, na walikuwa mafundi walioheshimiwa kama nyota wa filamu. Hatuna ugomvi na kazi hiyo ikifanywa na anayeijua. Tunachokataa ni mtu aliyeshika kipaza sauti anayetangaza "sasa anapanda ngazi" mtu akipanda ngazi. Huyo anarudisha yale maneno ya penseli ya tatu ambayo mtunzi alikwisha kuyafuta. Mpiga kinanda naye asigonge ufunguo kwa kila anayeanguka. Kwenye onyesho la tai apige muziki wa sherehe, mzito na wa adabu, asijifanye amegundua chochote, maana meya naye hajagundua.

Na kabla ya kufungua milango, pitisheni dakika tatu za mkanda ukumbi ukiwa mtupu. Msipimie kasi kwenye mbio za kukimbizana, kwa sababu mara nyingi hizo zilichukuliwa kwa kuzungusha kamera polepole makusudi ili zionekane za kasi. Tafuteni onyesho tulivu: mtu anavua koti, leso inaanguka sakafuni. Leso ikitua kama leso, iacheni projekta hapo hapo.

Ni sisi,
Wasomaji wenu, waonyeshaji wa filamu bubu